Hongo, Ushuru au Ada? Historia Fupi ya Malipo ya Njia ya Umeme

Mfasiri anayekutana na dhana ya malipo yanayotolewa ili umeme wa mtu upite katika nyaya za mwingine hutatizika mara moja. Malipo hayo si bei ya umeme, kwani mwenye nyaya hakuuza umeme bali njia. Katika makala haya tunaeleza dhana hiyo ilivyozaliwa, ndipo tuipime istilahi yake.

Kwa muda mrefu dhana hii haikuhitaji jina. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1926 iliunda bodi iliyojenga gridi ya taifa. Bodi hiyo ilinunua umeme kwa wazalishaji ikawauzia wasambazaji, na gharama ya njia ikafichika ndani ya bei. Huko Marekani kampuni nyingi zilimiliki mitambo na nyaya pamoja. Mji wa Elbow Lake, katika jimbo la Minnesota, ulipoamua kujiendeshea huduma yake, kampuni ya Otter Tail ilikataa kuupitishia umeme wa kununua kwingine. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kukataa huko kulivunja sheria inayopinga uhodhi. Mwaka 1996, Amri Namba 888 ya tume ya nishati ya nchi hiyo iliwalazimu wenye nyaya kutangaza bei ya njia kwa wote, mbali na bei ya umeme wenyewe.

Namna za kukadiria malipo hayo ni nyingi. Ipo ya stempu, ambayo hutoza kiwango kimoja bila kujali umbali, kama barua. Ipo pia ya mahali, inayotumika Uingereza, ambapo mzalishaji aliye mbali na watumiaji hutozwa zaidi.

Sasa tuyapime maneno. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Ugogo ililipa *hongo*, yaani malipo ya njia hasa. Lakini leo neno hilo lina maana ya rushwa, nasi hatuwezi kulirudisha. *Ushuru* humfanya msomaji adhani fedha zinakwenda hazina ya serikali. *Nauli* humdhania abiria mwenye njia moja, hali umeme hutawanyika katika nyaya zote zilizounganishwa. *Ada* hutaja malipo ya huduma, basi. Kwa hiyo tunapendekeza *ada ya kupitisha umeme*, na *kupitisha* kusichanganywe na *kusambaza*, ambako ni kuufikisha umeme kwa mtumiaji.

Jambo hili si la kamusi tu. Tangu mwaka 2022 Ethiopia na Kenya zimeunganishwa kwa njia kuu ya umeme, na mwaka 2024 njia ya kilovolti 400 ikaziunganisha Kenya na Tanzania. Umeme wa Ethiopia utakaouzwa Tanzania hauna budi kuvuka Kenya. Mkataba ukiandika *bei* palipostahili *ada*, mwananchi hatajua analipia umeme au njia, wala hatajua amwulize nani.