Lipa kidogo kidogo (umemejua)

Lipa kidogo kidogo ni mkakati wa kuingiza sokoni mitambo midogo ya umemejua kwa kumkabidhi mnunuzi kifaa baada ya kulipa kianzio, kisha akamalizia deni kwa malipo madogo ya kila siku au kila wiki. Ulishika kasi Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2011 na 2012, kupitia kampuni kama M-KOPA ya Nairobi na Off Grid Electric iliyoanzia Arusha.

Paneli zenyewe hazikuwa ngeni. Kikwazo kilikuwa bei ya kununua kwa mkupuo. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, iliwezesha kukusanya hata shilingi chache bila karani wa kuzunguka vijijini. Mtambo wa awali wa M-KOPA ulikuwa na paneli ndogo, betri, taa, redio na chaja ya simu. Ndani ya kisanduku cha betri mlikuwa na laini ya simu: malipo yakiingia, mtambo uliwaka, yakikatika, ulifungwa kutoka mbali. Katika miaka ya mwanzo mteja alilipa takriban KSh 40 hadi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja, kiasi kinachokaribiana na gharama ya mafuta ya taa ya koroboi. Ulinganifu huo ulisaidia kuuza teknolojia hii.

Udhaifu wake ni wazi: jumla ya malipo huzidi bei ya taslimu, na mkulima asiye na kipato kabla ya mavuno anaweza kubaki gizani. Hata hivyo, deni likiisha, mtambo hufunguliwa moja kwa moja na kuwa mali ya mnunuzi.