Kabla ya Kukata: Historia ya Saratani ya Titi na Wanawake Waliouliza



Leo hatuzungumzii shela wala hina. Wiki tatu nyuma alikuja dukani bibi harusi wetu mmoja kwa kipimo cha pili cha gauni la nikaha. Akasimama mbele ya kioo, na tepu ilipofika kifuani akaushika mkono wetu. "Msikate kitambaa bado," akasema. Alikuwa ametoka hospitali. Kivimbe alichokigusa wakati anaoga kimepimwa, na jibu ni saratani ya titi, hatua ya mwanzo.

Daktari amempa njia mbili. Ama titi liondolewe lote, ama uondolewe uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, kisha avuke Dar es Salaam akapigwe mionzi kwa wiki kadhaa. Akamwambia siku chache za kufikiri hazitomharibia kitu. Lakini nyumbani kila mtu ameshaamua. Mama anataka likatwe lote, na likatwe kesho. Shangazi anataka asiguswe na kisu, kuna mzee anamjua shamba ana dawa. Mchumba, Allah ambariki, amesema atakuwa naye kwa lolote, lakini mama mkwe bado hajaambiwa. Na mwenyewe alituuliza neno moja tu: "Nikilibakisha, si ndiyo nitakuwa nimechezea roho yangu kwa ajili ya uzuri?"

Sisi ni mafundi wa cherehani. Tumesoma sekondari, tukaenda chuo cha ushonaji, basi. Udaktari hatuujui. Lakini swali lile lilitukosesha usingizi, tukaanza kusoma, na tukakuta kwamba wanawake wengi wameliuliza kabla yake. Wengine walikatazwa hata kuliuliza.

Tuanze na wa kwetu. Abu al-Qasim al-Zahrawi alikuwa tabibu Mwislamu wa Andalusi, karibu na Cordoba, aliyefariki mwaka 1013. Kitabu chake cha Tasrif kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, imejaa michoro ya vyombo vyake, karibu 200. Juu ya saratani aliandika kwa unyofu ambao hata leo unatugusa: ikiwa ndogo, na ipo mahali inapofikika kama kwenye titi, inaweza kukatwa yote; ikishakuwa kubwa usiikaribie, maana yeye hajawahi kuiponya wala hajamuona aliyeiponya. Miaka elfu imepita, na bado jambo la kwanza daktari analotaka kujua ni ukubwa wake. Kwa hiyo anaposema "hatua ya mwanzo," hilo si neno la kumtuliza mgonjwa tu.

Ila kujua kukata ni kitu kimoja, kustahimili kukatwa ni kitu kingine. Tarehe 30 Septemba 1811, jijini Paris, mwandishi wa Kiingereza Frances Burney alikatwa titi nyumbani kwake. Dawa ya usingizi haikuwepo bado Ulaya. Alipewa kinywaji cha mvinyo, wakaingia wanaume saba wenye nguo nyeusi, mmoja wao Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon. Wakamfunika uso kwa leso ya kitambaa chepesi. Sisi wa vitambaa tunakijua, ni jamaa ya melimeli. Kitambaa hicho kinaonesha! Aliwaona waliomzunguka, akaona na mng'aro wa chuma. Miezi baadaye alimwandikia dada yake barua akamueleza yote, na alisema hata kuiandika kulimtia maradhi. Lakini aliishi. Alifariki mwaka 1840, akiwa na miaka 87.

Dawa ya usingizi ilipopatikana katikati ya karne ya 19, maumivu ya mezani yaliondoka, na mikono ya madaktari ikafunguka. Hapa ndipo anapoingia William Halsted, wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani. Mwaka 1894 alitangaza matokeo ya upasuaji wake: anaondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani. Aliamini saratani inatambaa kutoka pale ilipoanzia kwenda nje, hatua kwa hatua, kama doa la mafuta kwenye hariri. Ukitaka kuliwahi doa, unakata mbali nalo. Na wagonjwa wengi wa siku zile walifika na uvimbe mkubwa mno, kwa hiyo tusimlaumu kwa haraka. Alipunguza sana kurudi kwa ugonjwa kifuani.

Lakini upasuaji huo ulitawala karibu miaka 80, hata kwa wanawake wenye kivimbe kidogo kama punje ya choroko. Kifua kilibaki bonde, mbavu zikihesabika chini ya ngozi, na mkono ulivimba kwa sababu tezi za kwapa zimeondoka. Sisi tumewahi kumshonea bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa namna hiyo zamani, ng'ambo. Kila gauni lilitaka bega lijazwe upande mmoja na mkono wa nguo ukatwe mpana upande mmoja. Hatukuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema.

Na kulikuwa na jambo jengine ambalo, kwa maoni yetu, ni baya kuliko kisu chenyewe. Mwanamke alilazwa usingizi bila kujua ana saratani au hana. Daktari alikata kipande, kikapelekwa kupimwa palepale, na kikiwa kibaya titi liliondolewa kabla hajaamka. Jibu alilipata kwa kujipapasa kifuani. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwaka 1974 mwandishi wa habari wa Marekani, Rose Kushner, aligundua uvimbe wake mwenyewe akakataa utaratibu huo. Alitaka kupimwa kwanza, aamke, aambiwe, kisha aamue. Madaktari wapasuaji walimkatalia mmoja baada ya mwengine mpaka akampata aliyekubali. Mwisho alikatwa titi, lakini kwa uamuzi wake, na misuli yake ya kifua ikabaki. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, aliingia hospitali kwa utaratibu wa zamani. Inasimuliwa kwamba Kushner alipiga simu Ikulu usiku kuomba wamuache kwanza aamke, akajibiwa kwamba Rais ameshaamua. Tuliposoma hapo tulitazamana. Rais ameshaamua! Na kwetu ni baba, au kaka, au baraza la wakubwa sebuleni huku mwenye titi yuko jikoni anachemsha chai. Betty Ford aliamka hana titi, na lazima tumpe haki yake: hakujificha. Alisema hadharani ana nini, na wanawake wengi wakaenda kupimwa kwa sababu yake.

Sasa tufike kwenye swali la bibi harusi wetu. Huko Pittsburgh daktari mpasuaji Bernard Fisher alikuwa na wazo tofauti na la Halsted. Alisema saratani ya titi inaweza kuingia kwenye damu mapema, kwa hiyo kupanua mkato hakumfuati mkimbizi aliyekwishatoka mlangoni. Basi jambo lipimwe, watu wasibishane. Kuanzia mwaka 1976 wanawake zaidi ya 1,800 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4 waligawiwa kwa kura: wengine titi lote, wengine uvimbe peke yake, wengine uvimbe pamoja na mionzi. Huko Milan, Italia, Umberto Veronesi alikuwa ameshaanza mwaka 1973 na wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: nusu upasuaji wa Halsted, nusu robo tu ya titi pamoja na mionzi.

Majibu ya Milan yalitoka 1981, ya Fisher 1985, na yote mawili yakatazamwa tena baada ya miaka 20, mwaka 2002. Waliobakisha titi na waliokatwa lote walikuwa sawa katika kuishi. Sawa kabisa. Mwaka 1994 ilijulikana hadharani kwamba daktari mmoja wa Montreal alibadilisha taarifa za baadhi ya wagonjwa wake katika utafiti wa Fisher. Hesabu zikarudiwa bila wagonjwa hao, na jibu halikubadilika.

Lakini msome mpaka mwisho, maana hapa ndipo watu wanapoharakisha. Katika utafiti wa Fisher, walioondolewa uvimbe bila mionzi, saratani iliwarudia katika titi lilelile kiasi cha 39 katika 100. Waliopigwa mionzi, kiasi cha 14. Kwa hiyo, kwa walio wengi, kubakisha titi na mionzi huenda pamoja. Na hilo kwetu visiwani lina uzito wake, kwa sababu tumezoea kuvuka bahari kuifuata mionzi Ocean Road, ile hospitali ya ufukweni iliyojengwa na Wajerumani ambayo tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Nauli, mahali pa kulala, mtu wa kufuatana naye, wiki baada ya wiki. Mwanamke asiye na uwezo wa kwenda na kumaliza akichagua kuondoa lote, hajakosea na hana woga. Na wapo ambao daktari atawaambia njia ni moja tu, kwa mfano mwenye vivimbe sehemu mbalimbali za titi, au mjamzito ambaye mionzi haimfai.

Haya yote tulimsomea juzi, mlango wa duka tumeufunga, baada ya Alasiri. Alisikiliza kimya. Halafu akatoa daftari tukaandika naye maswali ya daktari. Uvimbe ni sentimita ngapi? Tezi za kwapa zimepimwa? Saratani yake ni ya aina inayolishwa na homoni, ile inayotibiwa kwa vidonge kama tamoxifeni? Na kama itahitajika dawa ya kemo, atazungumza na nani kuhusu kuzaa kabla haijaanza? Hilo la mwisho aliliandika mwenyewe, kwa herufi ndogo.

Kuhusu dawa ya mzee wa shamba, alisema atamwambia shangazi amuombee dua. Kutafuta tiba ametufundisha Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na istikhara ameanza kuiswali tangu Jumatatu. Mama mkwe ataambiwa Ijumaa, na mchumba ndiye atakayemwambia.

Akaomba tumalizie kumpima. Tumemshauri kitambaa kizito kidogo na ushungi mrefu wa kushuka kifuani, na upande wa kushoto tutaacha akiba ya mshono inchi mbili. Atakuja tena akishaonana na daktari, siku ya Jumatano.