Mfereji wa Kichochoro: Habari ya Orangi katika Mji wa Karachi

Wengi waandikapo tarikhi ya mji husimulia habari za watawala wake, bandari yake, nyumba zake za ibada na biashara yake. Ni wachache waandikao habari za maji yake machafu. Walakini, mahali wanapokaa watu wengi pamoja, swali la njia ya kupitishia taka za nyumba ni swali la uhai na mauti, na jawabu lake huonyesha waziwazi jinsi jirani anavyotendeana na jirani, na jinsi serikali inavyowatendea watu wake. Kwa sababu hiyo habari ya mtaa wa Orangi, katika mji wa Karachi nchini Pakistani, yafaa kusimuliwa.

Bara Hindi lilipogawanywa mwaka wa 1947, Karachi ulikuwa mji wa watu wapatao nusu milioni. Wakimbizi Waislamu kutoka India waliingia kwa wingi, hata hesabu ya watu ya mwaka wa 1951 ilipofanywa wakaaji walikuwa wamezidi milioni moja. Viwanda na bandari viliwavuta wengine kutoka milimani na mashambani, na serikali haikuweza kupima viwanja kwa kasi ya kuja kwao. Mtaa wa Orangi ulipimwa mwaka wa 1965, upande wa kaskazini-magharibi ya mji, chini ya vilima vikavu, katika eneo la ekari 1,300 hivi. Baada ya vita vya mwaka wa 1971, vilivyoifanya Pakistani ya Mashariki kuwa nchi ya Bangladesh, walifika huko wakimbizi wapya, hasa wale walioitwa Wabihari, wakakaa pamoja na Wapathani, Wapunjabi, Wasindi na Wabaluchi. Ukubwa wa mtaa ukapita mipaka yake ya kwanza mara kadhaa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikugawiwa na serikali, bali ilikatwa na madalali, ambao walichora viwanja na vichochoro vilivyonyooka kwa mfano wa mtaa uliopimwa, wakauza kwa bei ambayo maskini aliimudu. Katika miaka ya 1980 watu wa Orangi walikadiriwa kukaribia milioni moja.

Nyumba zao zilijengwa kwa matofali ya saruji yaliyofyatuliwa katika viwanja vidogo vilivyoitwa thalla. Mwenye thalla alikuwa muuzaji, mshauri na mkopeshaji pamoja. Alitoa matofali na vifaa vya paa kwa deni, akampeleka na mwashi wa kuyajenga, kisha akalipwa kidogo kidogo. Hivyo ndivyo watu wasiojulikana na benki yoyote walivyojijengea mji mzima. Lakini mtu aliyeweza kujijengea nyumba hakuweza peke yake kujipatia njia ya maji machafu. Wengi walitumia choo cha ndoo, ambacho mchukuzi wa taka alikimwaga kila siku ya nne au ya tano, na mara nyingi alikimwaga papo hapo katika kichochoro. Wenye uwezo kidogo walichimba mashimo, nayo yalijaa baada ya miaka michache. Wengine walilaza mabomba ya kutoa uchafu nyumbani mwao na kuuacha mbele ya nyumba ya mwingine, ndipo ugomvi ukazuka. Maji yalituama, misingi ya nyumba ikaloa, watoto wakacheza humo, na homa ya matumbo, malaria na maradhi ya kuhara hayakukoma.

Mwezi wa Aprili 1980 alifika katika mtaa huo mzee mmoja aliyekuwa na miaka zaidi ya sitini, Bwana Akhtar Hameed Khan. Alizaliwa Agra mwaka wa 1914, akaingia katika utumishi wa serikali ya Kiingereza ya India mwaka wa 1936, akasoma Cambridge, akatumikia Bengali. Njaa kuu iliyoiangamiza Bengali mwaka wa 1943 ilimtia uchungu, akauacha utumishi huo wa heshima, akaenda kuishi kijijini kama kibarua na fundi wa kufuli. Baada ya kuhamia Pakistani mwaka wa 1950 alikuwa mkuu wa chuo katika mji wa Comilla, Pakistani ya Mashariki, na mwaka wa 1959 alianzisha huko chuo cha maendeleo ya vijiji ambacho sifa yake ilienea duniani. Bwana Agha Hasan Abedi, mkuu wa benki ya BCCI, ndiye aliyemwita Orangi na kumpa fedha. Khan alikubali kwa sharti kwamba asiwe mgawaji wa sadaka. Alitaka kwanza kujifunza, kisha kufundisha. Kazi yake ikaitwa Mradi wa Majaribio wa Orangi.

Kwa miezi mingi alitembea vichochoroni akiuliza na kusikiliza. Aliowauliza walimwambia kwamba shida yao ya kwanza ni uchafu, na kwamba serikali ndiyo iliyopaswa kuuondoa bila ya malipo, kama ilivyofanya katika mitaa ya matajiri. Khan alijua kwamba serikali haitafanya hivyo, na kwamba kama ingefanya, ingetoza gharama ambayo watu wa Orangi wasingeweza kuilipa. Katika uchunguzi wake akatambua vizuizi vinne. Cha kwanza kilikuwa katika nia: watu waliamini kwamba ardhi ya nyumba ni yao lakini ardhi ya kichochoro ni ya serikali. Cha pili kilikuwa katika ujamaa wao: hapakuwa na chama cha kuwaunganisha majirani kwa kazi moja. Cha tatu kilikuwa gharama, na cha nne kilikuwa ufundi, maana hata aliyekuwa na fedha hakujua kupima mteremko wa ardhi.

Jawabu la vizuizi hivyo lilianza na kichochoro chenyewe. Kichochoro kimoja kilikuwa na nyumba ishirini hadi arobaini. Wakaaji wake walifahamiana kwa sura na kwa tabia, wala haikuwa rahisi mtu mmoja kuwadanganya wengine. Watumishi wa mradi walikwenda kuwaeleza kwamba mradi hautatoa hata rupia moja ya ujenzi. Ungetoa ramani, hesabu ya gharama, vyombo vya kazi kwa kuazima, na mtu wa kusimamia. Wakikubali wote, walichagua msimamizi wao, naye aliandika maombi kwa niaba yao. Ndipo vijana wa mradi walipokuja na chombo cha kupimia usawa wa ardhi, wakachora njia ya mfereji na kuandika fungu la kila nyumba. Msimamizi alikusanya fedha, na hakuna fedha iliyoingia mikononi mwa mradi. Wenyeji walichimba wenyewe au wakaajiri vibarua wao, wakalaza mabomba na kujenga chemba. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na huko Orangi nyumba moja iliyokataa kuchanga iliweza kuzuia kazi ya nyumba thelathini. Kwa hiyo mabishano yalikuwa mengi, na baadhi ya vichochoro vilijadiliana miezi mingi kabla ya jembe la kwanza kupigwa.

Gharama ilishushwa kwa akili. Hapakuwa na faida ya mkandarasi wala hongo ya karani. Mabomba hayakuzikwa kwa kina kirefu, kwa kuwa magari mazito hayakupita vichochoroni. Chemba zilimiminwa zege papo hapo kwa kalibu za chuma zilizoazimwa. Mwanzoni choo, kiungo chake na fungu la mfereji viligharimu nyumba moja rupia 1,000 hivi, kiasi ambacho familia ya kawaida iliweza kukichanga, ilhali makadirio ya serikali kwa kazi kama hiyo yalikuwa makubwa mara kadhaa. Makosa nayo yalikuwapo. Zege la vichochoro vya awali lilikuwa dhaifu, maana mafundi walizidisha mchanga na kuliacha likauke juani upesi mno. Mradi haukuficha jambo hilo. Uliwaita wataalamu wakalichunguza zege, kisha ukawafundisha waashi na wenyeji namna ya kulichanganya na kulimwagia maji. Baadhi ya wataalamu wa nje walilaumu pia kwamba kazi ilianzwa bila ya ramani kuu ya mtaa wote. Lawama hiyo ilikuwa na haki yake, lakini watu waliokwisha kupata mfereji wa kichochoro ndio waliokuja kudai mfereji mkubwa wa kuupokea, na ramani ikachorwa kwa kuwafuata wao.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini na moja, nyumba zaidi ya 90,000 katika vichochoro zaidi ya 6,000 vya Orangi zilikuwa zimejijengea vyoo na mifereji kwa fedha za wenyewe. Kumbukumbu za mradi zilionyesha kwamba, katika sehemu zilizofanya kazi hiyo, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 130 katika kila watoto 1,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi 37 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfereji peke yake haukuleta badiliko hilo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wanawake watumishi wa afya walizunguka vichochoroni, wakawakusanya akina mama katika nyumba ya mmoja wao, wakawafundisha sababu za maradhi, faida ya chanjo na uzazi wa mpango. Katika mtaa ambao wanawake wengi hawakutoka nje ovyo kwa ajili ya sitara, mafundisho yaliwafuata walipo.

Afya ikaambatana na riziki. Wanawake wengi wa Orangi walishona nyumbani kwa ujira mdogo waliopewa na madalali wa kazi, na mradi ukawasaidia kuunda vituo vyao wenyewe vya kushonea. Wenye thalla walipewa mashine na mafunzo ya kufyatua matofali yenye nguvu zaidi. Desemba 1986 machafuko ya kikabila yalimwaga damu nyingi katika Orangi na jirani zake, majirani wakachomeana nyumba. Mwaka uliofuata ulianzishwa mfuko wa mikopo midogo kwa mafundi, wachuuzi na wenye maduka, bila ya rehani. Mwaka wa 1988 mradi ukagawanyika katika vyama vinne, ili kila kazi iwe na wasimamizi wake.

Hata hivyo mfereji una mwisho wake, na maji huteremka bila ya kujali mpaka wa kichochoro. Khan na wenzake, miongoni mwao msanifu wa majengo Arif Hasan, waliigawa kazi katika sehemu mbili. Sehemu ya ndani ilikuwa choo, mfereji wa kichochoro na mfereji wa mtaa, nayo waliiweka juu ya wananchi. Sehemu ya nje ilikuwa mifereji mikuu na mahali pa kusafishia maji kabla ya kuingia baharini, nayo waliiweka juu ya serikali. Wananchi walitimiza fungu lao. Fungu la serikali lilichelewa, na maji ya Orangi yakaishia katika makorongo ya asili, yaitwayo nala, ambayo yalikuwa njia ya maji ya mvua.

Jambo hilo ndilo lililomshughulisha Bibi Perween Rahman, msanifu wa majengo aliyejiunga na mradi mwaka wa 1983 na baadaye akawa mkuu wa chuo chake cha utafiti na mafunzo. Yeye na vijana wa mitaa walichora ramani za makorongo na mifereji ya Karachi, sehemu kwa sehemu. Ramani hizo zilionyesha kwamba maji machafu mengi ya mji yalikwisha kupata njia ya makorongo, na kwamba kuyatengeneza na kuyafunika kungekuwa rahisi kuliko kuanza upya kwa mikopo mikubwa ya kigeni. Hoja hiyo haikupotea bure. Mwaka wa 1999 serikali ya jimbo la Sindh iliacha mpango wa maji machafu wa Korangi uliokuwa ugharamiwe kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia, na mwaka wa 2006 siasa ya taifa ya usafi ilikubali mgawanyo wa kazi wa ndani na nje. Khan hakuiona siku hiyo, maana alifariki Oktoba 1999. Bibi Perween aliendelea kuchora, akaandika pia jinsi maji safi ya mji yalivyoibwa na kuuzwa. Tarehe 13 Machi 2013 alipigwa risasi barabarani akitoka kazini, akafa.

Agosti 2020 mvua kubwa ziliigharikisha Karachi, na makorongo yaliyojaa taka yakafurika. Mwaka wa 2021 serikali ilibomoa maelfu ya nyumba kandokando ya korongo la Gujjar na la Orangi, ikisema zimeziba njia ya maji. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa na hati za kukodishwa ardhi hiyo, nao walikuwa wamekaa hapo miaka mingi. Deni la sehemu ya nje, ambalo wakubwa hawakulilipa kwa miaka arobaini, likadaiwa kwa watu waliokaa ukingoni.

Wengi husifu Orangi kwa kuwa maskini walijitegemea, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini hufaa kuangaliwa isije ikawa kisingizio. Watu wa vichochoro walionyesha kwamba hawakupungukiwa na bidii wala heshima ya usafi, ila walipungukiwa na bei ya haki, ujuzi na kuaminiana. Walipopata hayo matatu walichimba mpaka mwisho wa uwezo wao, na mwisho huo ulikuwa pale kichochoro kinapokutana na korongo. Kutoka hapo hadi baharini palikuwa na kazi isiyoweza kufanywa na michango ya nyumba thelathini. Kujitegemea kwa mwananchi hakumwondolei mtawala wajibu wake, bali humwondolea udhuru.