Theluji ya Kibo: Historia ya Kumtafuta Mkosaji



Mtanzania akikaa nje, hata kama hajawahi kufika Moshi, ataulizwa tu: ile theluji ya mlima wenu inakwisha kwa nini? Hapa Hillbrow, mtaa ambao ukipanda lifti unakutana na nusu ya Afrika, majibu ninayoyasikia ni matatu. Wa kwanza anasema ni moshi wa viwanda vya Wazungu. Wa pili anasema ni sisi wenyewe, tumemaliza miti. Wa tatu anasema dunia ina majira yake, imepoa na kupata joto tangu zamani, binadamu ni nani hata aigeuze? Kila mmoja anasema kwa uhakika, na kila mmoja ana mwanasayansi wake wa kukutajia.

Nadhani ubishi huu unatuchanganya kwa sababu tunalitumia neno "binadamu" kana kwamba ni mtu mmoja. Kila mara swali la mchango wa binadamu katika hali ya hewa lilipoulizwa barani kwetu, lilikuwa na swali la pili ndani yake: binadamu yupi? Na hilo la pili mara nyingi lilijibiwa kabla ya mtu kupima chochote. Hebu tuanzie huku kusini, ndipo twende Kilimanjaro.

Mwaka 1848 David Livingstone alimbatiza Sechele, mtawala wa Bakwena, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Sechele alikuwa pia mganga wa mvua. Ukame wa miaka ile haukukoma, na watu wake wakasema mmisionari amemroga mkubwa wao, ndiyo maana mvua imekataa. Leo tunacheka. Lakini mwaka 1865 bwana mmoja aitwaye James Fox Wilson alisoma mada mbele ya Royal Geographical Society ya London kuhusu kukauka kwa bonde la mto Orange. Sababu kubwa aliyoitaja ni kwamba wenyeji wanakata na kuchoma miti ovyo. Lugha ilikuwa ya kisayansi, ila sura ya hoja ni ile ile: mvua imepotea, mkosaji ni yule mwingine. Hili linatuhusu sisi wa Johannesburg, kwani maji ya mfereji tunayokunywa hapa yanatoka mto Vaal, na Vaal unamwaga Orange.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ubishi ukarudi. Mtaalamu wa miamba, E.H.L. Schwarz, alidai kwamba kusini mwa Afrika kunakauka, na dawa yake ni kuyageuza maji ya mito ya kaskazini yafurike Kalahari ili mvua irudi. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza ukame, nayo ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 1923. Tume ilisema hakuna ushahidi kwamba mvua imepungua. Kilichoharibika ni ardhi, na kimeharibiwa na namna watu wanavyofuga. Tume haikuwaficha wakulima Wazungu, iliwasema wazi. Lakini tazameni kilichofuata. Mkulima Mzungu alisaidiwa na serikali kuweka uzio na kuchimba visima. Mfugaji Mweusi, aliyekwisha kubanwa kwenye ardhi finyu kwa sheria ya 1913, alipata tangazo la 1939 la "kuboresha" maeneo yake, ambalo maana yake halisi ilikuwa kupunguziwa mifugo kwa amri. Kosa moja, adhabu mbili.

Fikra hiyo ilivuka mipaka ya makoloni. Kwetu Tanganyika baada ya Vita ya Pili wakoloni walikuja na miradi ya kuokoa udongo milimani. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ambayo kwao yalikuwa kazi nyingi na mavuno haba, na mwaka 1955 wakagoma, vurugu zikatokea, mradi ukafa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo silikatai. Ila anayelaumiwa alikuwa mwenye jembe, bila kuulizwa kwa nini amesukumwa kulima mteremko.

Sasa twende Kibo. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889. Aliporudi mlimani mwaka 1898 alishangaa kuona barafu imerudi nyuma. Wakeni mwaka huo akilini, maana ndiyo silaha kubwa ya wale wa jibu la tatu: mwaka 1898 magari yalikuwapo mangapi duniani? Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha za vipimo, na ramani iliyotokana nazo inatupa barafu ya kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kwa hiyo kwamba barafu inapotea hakuna anayebisha. Ubishi ni wa sababu.

Ubishi wa siku hizi uliwaka mwaka 2002. Mwezi Agosti na Septemba wakubwa wa dunia walikutana Sandton, kilomita chache kaskazini ya Hillbrow, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo endelevu. Wiki chache baadaye, mwezi Oktoba, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya nguzo 6 za barafu walizozichimba Kibo mwaka 2000. Walisema barafu ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, kwamba asilimia 80 hivi ya eneo la 1912 imekwisha, na kwamba hali ikiendelea hivyo itakwisha kabisa kati ya 2015 na 2020. Magazeti ya dunia yakalipokea hilo kama hukumu.

Mwaka 2004 likaja jibu kutoka kwa Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake, akiwemo Mtanzania Tharsis Hyera. Hawa hawakusema dunia haipati joto. Walisema mlima huu ni shahidi mgumu. Kwanza, kule juu wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo barafu haiyeyuki kama ya kwenye glasi. Sehemu kubwa inapotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na kuta zake zinaliwa na jua. Pili, barafu hiyo huishi kwa kulishwa theluji na kufunikwa na mawingu, na Afrika Mashariki ilikauka ghafla miaka ya 1880 hivi. Maziwa yetu yalishuka wakati huo. Mlima ulianza kukonda kwa njaa kabla ya homa.

Thompson alirudi mwaka 2009 na hoja nzito: tabaka la juu la barafu lina alama za kuyeyuka ambazo hazionekani chini yake, japo mlima ulipita katika ukame mkali miaka kama 4,000 iliyopita. Mwaka uliofuata akina Kaser wakahoji kama barafu ya Kibo ina umri huo unaodaiwa. Ndivyo sayansi inavyokwenda, na mpaka hapo hakuna ubaya wowote.

Ubaya ulianza ubishi ulipotoka mlimani. Filamu ya Al Gore ya 2006 ilitumia theluji ya Kilimanjaro kama ushahidi wa joto la dunia. Mwaka 2007 mzazi mmoja Uingereza akaishtaki serikali isiionyeshe shuleni. Jaji Burton, katika hukumu yake ya tarehe 10 Oktoba, alikubali kwamba hoja kuu ya filamu ina msingi wa kisayansi, lakini akataja mambo 9 yaliyokwenda kombo, na Kilimanjaro likiwa mojawapo: haijathibitishwa kwamba kupungua kwa theluji yake kumesababishwa hasa na binadamu. Siku 2 baadaye Gore na IPCC, jopo la wataalamu wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, wakatangazwa washindi wa Nobel ya amani. Basi kila upande ukachukua nusu ya habari. Na ulipopita mwaka 2020 barafu ikiwa bado ipo, wale wa jibu la tatu wakaona wameshinda kesi nzima.

Hawajashinda, na hapa naomba tuwe makini. Kibo ni kilele kimoja. Ukitaka kujua nani anaipasha dunia joto huulizi kilele kimoja, unapima dunia nzima. Na vipimo vya dunia vimejibu. Jua lingekuwa ndilo mkosaji, tabaka la juu la anga nalo lingepata joto. Vipimo vinaonyesha tabaka la juu linapoa huku hili letu la chini linapanda, na hiyo ndiyo alama ya hewa ukaa. Mwaka 2007 IPCC ilisema uwezekano kwamba sehemu kubwa ya joto la tangu katikati ya karne ya 20 imetokana na binadamu unazidi asilimia 90. Mwaka 2021 ikasema hilo halina shaka tena: dunia ilikuwa imeongezeka kama nyuzi 1.1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na kwa makadirio bora karibu yote ni kazi ya binadamu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Kibo ilianza kukonda kwa ukame, na papo hapo akasema dunia inapashwa joto na binadamu, bila kujipinga. Ni maswali mawili.

Sasa lile jibu la pili, la shoka. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatoka midomoni mwetu wenyewe. Mwaka 2012 Thomas Mölg na wenzake walichapisha utafiti ulioliuliza moja kwa moja: je, ukataji wa misitu ya Kilimanjaro ndio ulioimaliza barafu? Jibu lao ni kwamba mchango wake ni mdogo. Mama wa Kichagga anayeshuka na mzigo wa kuni hajaimaliza theluji ya Kibo.

Lakini tusikimbilie kumvika taji. Msitu una kesi yake nyingine, nayo ni ya maji. Maji ya vijito na mifongo ya Uchagga hayatoki kwenye barafu kama wengi tunavyodhani. Karibu yote ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Andreas Hemp, aliyeuchunguza uoto wa mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi moto ulivyouteremsha mpaka wa juu wa msitu tangu miaka ya 1970, na kwamba hasara ya maji inayotokana na hapo ni kubwa kuliko ile ya barafu. Moto huo huwashwa na watu, wakiwemo warina asali, lakini unasambaa zaidi kwa sababu mlima umekauka. Mkono wa mtu na mkono wa anga, vyote viwili.

Na nani aliyelipa? Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili pembeni ya msitu ili Wachagga wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikaumeza msitu, na watu wa vihambani wakajikuta ni wavamizi mahali walipokuwa wakikata majani tangu enzi za babu zao. Sisemi msitu usilindwe. Nasema mtu asifukuzwe kwa kosa la theluji ambalo si lake. Akiambiwa habari ya maji, ambayo ni ya kweli na inamhusu, huenda akawa mlinzi wa kwanza.

Elimu ya kugawa lawama kwa vipimo ipo siku hizi. Mafuriko yalipoua zaidi ya watu 400 KwaZulu-Natal mwezi Aprili 2022, kundi la World Weather Attribution lilikadiria kwamba joto la dunia limeongeza uwezekano wa mvua kama ile mara 2 hivi. Lakini kundi hilo hilo, mwezi Desemba 2021, lilipochunguza ukame na njaa ya kusini mwa Madagascar, lilisema mchango wa tabianchi ni mdogo. Kilichowaangusha watu zaidi ni umaskini na kukosa huduma. Mtu anayesema "hapa ndiyo" na "hapa siyo" anaaminika kuliko yule anayesema ndiyo kila mahali.

Namalizia na mlango wetu. Taa za Hillbrow, kama za sehemu kubwa ya nchi hii, zinawashwa na makaa ya mawe ya Mpumalanga; hata sasa ni zaidi ya robo tatu ya umeme wote. Afrika Kusini ndiyo inayotoa hewa ukaa nyingi kuliko nchi yoyote ya bara hili. Ukigawa kwa kichwa, ni tani 6 hivi au zaidi kwa mwaka, wakati Mtanzania, tukiacha hesabu ya misitu, hafikishi hata nusu tani. Na humu humu, anayechemsha chai chumba cha watu sita ghorofani Hillbrow hayuko daftari moja na mwenye bwawa la kuogelea lenye maji ya moto Sandton, japo wastani unawaandika pamoja.

Kwa hiyo akija mtu kusema binadamu ndiye aliyeharibu hali ya hewa, tumkubalie, vipimo viko upande wake. Halafu tumwombe aendelee: binadamu yupi, wa mwaka gani, mwenye tani ngapi? Asiyetaka kufika hapo, ama anamtafutia mwenye kiwanda pa kujifichia, ama ameshamchagua mbeba kuni.