Alaina za posta: nani ameangalia mizizi ya meno yako?

Wadau, hasa mlioko Marekani, matangazo haya mnayajua. Unaletewa kisanduku nyumbani, unang'ata dongo laini litoe alama ya meno, unalirudisha kwa posta, kisha unatumiwa alaina, yaani vifuniko vya plastiki angavu vya kunyooshea meno. Waya hakuna, kwenda kliniki hakuna, na bei inavutia. Je, ni salama?

Alaina yenyewe haina ubaya. Align Technology ilianzishwa mwaka 1997, na Invisalign yake madaktari wanaitumia mpaka leo. Tatizo ni kile ambacho lile dongo halionyeshi. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari, limeshikwa na nyuzi ndogo ndani ya mfupa. Ukilisukuma polepole, mfupa wa upande mmoja unaliwa na wa upande wa pili unajengwa. Alaina moja husogeza jino kama robo milimita tu. Sasa kama fizi zinaumwa na mfupa umeshapungua, unasukuma kitu kilichokwisha legea! Jino linaanza kucheza, na linaweza kung'oka kabisa. Kuna na meno yaliyokwama ndani ya taya. Hayo yanaonekana kwa eksirei, siyo kwa picha ya simu. Halafu ya mbele yanaweza kunyooka vizuri tu, ila ya nyuma yasikutane tena na kutafuna kukawa shida.

Ndiyo maana mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria kwamba kabla ya meno kusogezwa, daktari lazima apitie eksirei za mgonjwa.

Na kampuni ikifa je? SmileDirectClub ya Nashville, iliyoanza mwaka 2014, ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwezi Juni 2023, katika kesi ya mwanasheria mkuu wa Washington D.C., ilikubali kuwaachia huru wateja zaidi ya 17,000 waliosainishwa mikataba ya kukaa kimya ili warudishiwe pesa zao. Septemba ikaomba kinga ya kufilisika, Desemba ikafunga. Dhamana "ya maisha" ikaishia hapo hapo, lakini wenye kulipa kidogo kidogo wakaambiwa waendelee kulipa. Jamani! Oktoba 2024 Dentsply Sirona nayo ikasimamisha mauzo ya alaina zake za Byte.

Wapo waliozitumia wakatoka salama, hasa wenye fizi nzima na meno yaliyopishana kidogo tu. Lakini utajuaje kama wewe ni mmoja wao bila kupigwa eksirei?

Kama umeshaanza na kampuni imekutoroka, usirukie alaina inayofuata. Baki na hiyo uliyonayo ili meno yasirudi nyuma, mpaka daktari akuone. Ila jino likicheza, fizi zikitoa damu au ukisikia maumivu makali, ivue na uende kliniki mapema.