Mei 1939: Makumbusho ya Vitu Vipya Yatimiza Miaka Kumi

Usiku wa tarehe 10 Mei 1939, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alihutubia taifa kwa redio akiwa Ikulu. Nchi ilikuwa bado inajikongoja kutoka kwenye mdororo wa uchumi, na Ulaya ilikuwa inanuka vita. Roosevelt hakuzungumzia ajira wala majeshi. Alizungumzia jumba la sanaa lililokuwa likifunguliwa usiku huo New York, na akasema sanaa haistawi mahali ambapo watu hawana uhuru. Maneno hayo yalikuwa na uzito wake, kwani wakati huo utawala wa Hitler ulikuwa umekwisha kuondoa maelfu ya picha za kisasa kwenye makumbusho ya Ujerumani na kuwakebehi waliozichora.

Jumba lenyewe, nambari 11 Mtaa wa 53 Magharibi, ni la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, yanayojulikana duniani kwa kifupi chake, MoMA. Walilifungua kwa maonyesho ya kutimiza miaka kumi, yaliyopewa jina la Sanaa ya Wakati Wetu. Ilikuwa sherehe yenye mkanganyiko ndani yake, na ndiyo sababu bado inastahili kusimuliwa. Maadhimisho humlazimu mtu kutazama nyuma. Makumbusho haya yalikuwa yameapa kutazama mbele.

Walioyaanzisha ni wanawake watatu: Lillie Bliss, Mary Quinn Sullivan na Abby Aldrich Rockefeller. Walipenda picha ambazo matajiri wenzao waliziona ni upuuzi. Mkurugenzi waliyempata, Alfred Barr, alikuwa na umri wa miaka 27. Milango ilifunguliwa Novemba 1929, siku chache tu baada ya soko la hisa la Wall Street kuporomoka, katika vyumba vya kupanga kwenye ghorofa ya 12 ya jengo la ofisi. Ukutani zilitundikwa kazi za Cézanne, Gauguin, Seurat na van Gogh. Kwa mwezi ule mmoja walifika watu zaidi ya 47,000, wakisongamana kwenye lifti hadi wapangaji wengine wakalalamika.

Bliss hakuliona jumba jipya. Alifariki mwaka 1931 na kuacha wosia ambao, kwa maoni yangu, ndio uliofanya kitu hiki kiwe makumbusho badala ya klabu ya marafiki. Aliwaachia sehemu kubwa ya picha zake kwa sharti moja: waonyeshe kwanza kwamba wana fedha za kuzitunza. Ilibidi zichangwe dola 600,000 katikati ya miaka ya njaa, na mwaka 1934 sharti likatimia. Zaidi ya hapo, aliruhusu nyingi ya picha hizo ziuzwe au zibadilishwe kwa nyingine. Wakusanyaji wengi huwafunga warithi wao mikono. Yeye aliwafungua.

Ruhusa hiyo ilikwenda sambamba na wazo la Barr. Alichora mkusanyiko wake kwa umbo la topido, lile kombora linalokwenda chini ya maji: pua yake ni wakati wa sasa unaosonga daima, na mkia wake ni miaka hamsini hadi mia iliyopita. Kilichozeeka kingeachwa nyuma kiende kwenye makumbusho mengine. Hivyo mchoro wa Degas wa farasi wa mashindano, uliotoka kwenye urithi wa Bliss, ulitolewa ili ipatikane Les Demoiselles d'Avignon ya Picasso, picha ya wanawake watano aliyoichora mwaka 1907. Wageni wa Mei 1939 waliikuta ukutani.

Lakini kilichowashangaza wengi hakikuwa Picasso. Katika jumba lile, picha na sanamu zilikuwa chini ya paa moja na picha za kamera, michoro na vielelezo vya nyumba, samani, na filamu zilizoonyeshwa mfululizo katika ukumbi wa chini. Msingi wa jambo hilo ulikuwa umewekwa tangu mwanzo wa muongo. Idara ya usanifu majengo ilianza mwaka 1932. Mwaka 1934 Philip Johnson alipanga maonyesho ya vifaa vya mashine, akaweka springi, beringi na propela juu ya meza kama sanamu za Kigiriki. Mwaka 1935 Iris Barry alianza kukusanya filamu, wakati ambapo kampuni nyingi ziliziacha zioze mara tu zikishaonyeshwa. Mwaka 1938 vilionyeshwa vyombo vya nyumbani visivyozidi dola tano, ili mtu wa mshahara mdogo ajue kwamba kikombe kizuri si haki ya tajiri peke yake. Huo ndio ujasiri ninaouheshimu zaidi kuliko ununuzi wowote wa picha.

Hata serikali ilikuwa haijaelewa. Mwaka 1936 maofisa wa forodha walizuia sanamu 19 zilizokuja kwa ajili ya maonyesho ya Barr kwa sababu hazikufanana na mtu wala mnyama, na kwa sheria yao hiyo haikuwa sanaa.

Lipo doa ambalo sherehe ile haikuligusa. Mwaka 1935 MoMA walikuwa wameonyesha zaidi ya vipande 600 vya sanaa ya Afrika, hasa kutoka magharibi na katikati ya bara, na mpiga picha Walker Evans akaajiriwa kuvipiga picha. Yalikuwa maonyesho ya heshima kwa viwango vya wakati ule. Vinyago vilisifiwa kwa umbo lake, na vikasomwa kama chemchemi aliyochotea Picasso. Lakini waliovichonga hawakutajwa kwa majina, na Mwafrika aliyekuwa hai, anayechora mwaka huohuo wa 1935, hakuwa na mahali katika hesabu hiyo. Wakati wetu ulikuwa wakati wa Paris na New York.

Yale maonyesho ya miaka kumi yalikuwa bado wazi Septemba Mosi, Hitler alipoivamia Poland. Yalifungwa mwisho wa mwezi huo, na Novemba ukuta ukawa wa Picasso peke yake, Guernica ikiwemo. Picha hiyo ilibaki chini ya uangalizi wa MoMA hadi mwaka 1981. Mary Sullivan alifariki Desemba.

Topido nayo haikwenda mbali. Mwaka 1947 MoMA walikubaliana na jirani zao wa makumbusho ya Metropolitan kuwakabidhi kazi zilizokwisha kuwa za kale. Mwaka 1953 mapatano yakavunjwa. Walikuwa wamegundua kwamba kazi bora zikiondoka, zile mpya hazina kitu cha kupimwa nacho. Nyumba ya vitu vipya ikakubali kuwa na wazee.

Na mlango ukapanuka, polepole mno. Mwaka 1960 MoMA walinunua picha ya mwaka 1956 ya Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyesoma na kufundisha Makerere, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Makumbusho yalipofunguliwa upya Oktoba 2019, yakiwa na miaka tisini, wale wanawake watano wa Picasso walitundikwa chumba kimoja na picha kubwa ya Faith Ringgold, mchoraji Mweusi wa Harlem, ya mwaka 1967, yenye watu weusi na weupe wakikimbia na kuumizana huku damu ikitapakaa. Wasimamizi walitangaza pia kwamba vyumba vya mkusanyiko vitakuwa vikipangwa upya kwa zamu, theluthi moja kila miezi sita.