Sotoka katika Karagwe: Somo Tuliloliacha Njiani

Ndugu wenzangu tuliosoma pamoja, mtakumbuka jinsi tulivyofundishwa habari za Rumanyika, mtawala wa Karagwe aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Tulikariri majina na miaka, tukafaulu mtihani. Lakini hatukuulizwa swali moja: ng'ombe wale wa pembe ndefu, waliokuwa fahari ya ufalme ule, walikwenda wapi?

Jibu nililipata nikiwa mtu mzima, nilipopelekwa masomoni kujifunza ufuatiliaji wa magonjwa ya wanyama pori. Jibu lenyewe ni sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika kwa bandari ya Massawa mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ukapita Uhabeshi, ukafika nchi za maziwa makuu kwenye miaka ya 1890 na 1891, na mwaka 1896 ulikwisha kuvuka mto Zambezi. Haukubagua kati ya zizi na pori: ulifyeka ng'ombe, nyati na nyumbu sawasawa. Nyuma yake zikaja njaa na ndui.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya vilevile. Ng'ombe wakiisha na watu wakipungua, nani atakula majani, nani atakata vichaka? Pori lilirudi, na pamoja nalo ndorobo, mwenye kuleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Bwana John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Tanganyika na kushirikiana na R. de Z. Hall kuandika historia ya Karagwe mwaka 1947, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba wenyeji walikuwa na njia zao za kuishi na ndorobo, kwa makazi na kilimo chao, kabla misukosuko ile haijavuruga mambo. Marehemu babu yangu alikuwa akituonyesha bonde la miiba na kusema, "Hapa baba zangu walichunga." Nilidhani ni porojo za wazee.

Sotoka ilishindwa kwa kuanzia zizini. Chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright pale Muguga, Kenya, walichanjwa ng'ombe, si nyumbu. Hata hivyo nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja kabla ya mwaka 1980. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha.

Sasa nakiri kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, mzee mmoja mfugaji alikuja kunieleza kwamba ameona mizoga ya nyati karibu na maji. Nilimwambia alete kwanza barua ya mwenyekiti wa kijiji. Hakurudi. Tulipofika huko baada ya wiki mbili, fisi na tai walikwisha maliza kazi yao. Hapakuwa na damu wala nyama ya kupimwa, na mpaka leo sijui nyati wale waliuawa na nini. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba mzee yule aliogopa kuulizwa alikuwa akitafuta nini ndani ya hifadhi. Alijitia hatarini ili atuarifu, nami nikamdai karatasi.

Jambo hili si dogo kwetu. Tangu mwaka 2019 tunazo Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na vijiji vimezipakana. Mkoa wetu wa Kagera umepata Marburg mara mbili: mwaka 2023 wilayani Bukoba, watu 9 waliugua na 6 wakafa; na mwaka 2025 wilayani Biharamulo, wagonjwa 10 waliohesabiwa walikufa wote. Virusi hivyo hukaa katika popo wala matunda, ambao hawajui mpaka wa hifadhi.

Wengi wetu leo ni walimu, madiwani, waganga na mabwana mifugo. Nawaomba jambo moja tu. Akija mtu mlangoni na habari ya mnyama aliyekufa, mpeni kiti, msikilizeni, pigeni simu siku hiyo hiyo. Habari za barua na faini zisubiri.